Cherero Huhesabiwa kwa Jozi

Siku niliyorudisha vifaa vya serikali, mtunza ghala alikagua kimoja baada ya kingine: darubini yenye lenzi moja iliyokwaruzika, buti, chupa ya maji ya bati, na koti la mvua ambalo katika nchi yetu kavu lilizeeka kabla halijalowana. Mwishoni akafikia kisu kidogo chenye mpini wa mpingo, akakisukuma kurudi upande wangu wa meza.

"Hiki hakimo kwenye orodha, mzee."

Ni kweli hakimo. Nilipewa na mtu aliyenifundisha kazi, na habari zake ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya maandishi haya.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, baada ya kutumikia karibu maisha yangu yote ya utu uzima katika kituo kimoja cha wanyamapori, mashariki ya Chamwino. Ninyi vijana mliobaki kituoni mmeniomba niwaandikie kumbukumbu, na nadhani mnatarajia mawaidha ya kubeba maji ya kutosha na kutomwamini dereva asemaye njia anaijua. Bebeni maji ya kutosha. Dereva msimwamini. Hayo ndiyo mawaidha niliyo nayo yasiyoniumiza. Yanayofuata yaliniumiza, na sioni sababu ya kuyapamba.

Niliripoti kituoni asubuhi moja ya kiangazi, nimevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake ikakaribia kukata, na kwapani nina kitabu cha ndege. Aliyenipokea alikuwa askari wa wanyamapori aitwaye Mzee Ndahani, Mgogo wa hapo hapo, mwembamba, mwenye kofia iliyopauka. Ujanani alikuwa mtegaji wa ndege kwa kibali, enzi ambazo vibali vilitolewa. Baadaye akaajiriwa kuwazuia waliofanya kazi aliyoiacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule msomi?"

"Ndiyo mimi. Naitwa Hamisi, natoka Kondoa."

"Kondoa. Basi milima unaijua. Ndege je, unawajua?"

"Nimewasoma, mzee."

"Sikukuuliza hivyo."

Akanichukua hadi lambo lililo chini ya kilima cha Mawe Mawili, akaniketisha nyuma ya kichaka cha miiba, akaniambia nihesabu cherero watakaokuja kunywa. Ninyi mnawafahamu, lakini wako watakaosoma ambao hawajapata kuwaona. Cherero ni ndege wa ukoo wa kasuku, mdogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Wa kwetu ana mwili wa kijani, kichwa cheusi kana kwamba amevishwa kofia hadi mashavuni, ukosi wa manjano shingoni, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka kila jicho linalompa sura ya mtu aliyeamshwa ghafla. Hushuka kwa kundi na kelele nyembamba, na wakitua tu hugawanyika wawili wawili, bega kwa bega, kila mmoja akimchambua mwenzake manyoya ya shingo. Nilihesabu kwa bidii na kutoa jibu kwa fahari.

"Arobaini na mmoja."

"Jozi ngapi?"

"Ishirini, na mmoja zaidi."

"Huyo mmoja," alisema Mzee Ndahani akisimama, "ndiye aliyetuleta hapa. Mwenzake yuko wapi?"

Hakungoja nikisie. Tulipanda kilima, na kwenye tawi la mti mkavu tukamkuta mwenzake amenasa, mabawa yote mawili yameshikwa na ulimbo, utomvu wa kunasia ndege, na juhudi zake za kujinasua zimeuongeza tu. Mzee Ndahani alitoa kile kisu cha mpingo, akakata kijiti kilichopakwa ulimbo pande zote mbili, akamshika ndege pamoja na kipande chake, kisha kwa subira ambayo sijapata kuiona tena akaanza kumsafisha: mafuta ya alizeti kidogo kwenye ncha ya kidole, majivu makavu, tena mafuta, tena majivu, unyoya mmoja mmoja. Kazi ile ilitumalizia asubuhi nzima. Alipomwachia, yule wa lambo alikuwa bado anaita.

"Ukiondoa majira ya makinda," akaniambia, "cherero huhesabiwa kwa jozi. Ukimwona mmoja pekee, jua mtego upo karibu. Hayo kitabuni mwako hayamo."

Hayakuwamo. Niliyaandika mwenyewe pembeni mwa ukurasa, na kwa miaka mingi kanuni hiyo haikunidanganya hata mara moja.

Nimewasikia wageni wakisema kuwa uzuri wa cherero ni neema kwa nchi. Mimi nauona kuwa ndio mkosi wao. Ndege wa rangi ya vumbi huachwa aishi. Huyu, kwa kuwa ana rangi na kwa kuwa hupenda mwenzake hadharani, alitafutwa hadi ng'ambo ya bahari. Watu wa mbali walimnunua wawili wawili, wakivutiwa na upendo wake, kisha wakamtenga na kila kitu kingine alichokipenda. Wala mkulima wa hapa hakuwa na sababu ya kumsifu. Katika mashamba ya uwele na mtama nilikuta akina mama juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, tangu jua linapochomoza, wakiamia ndege kwa kombeo na madebe. Mmoja aliwahi kuniambia: "Nyie mnawalinda hao, sisi tunakula kilichosalia. Mbona hamji kulinda na sisi?" Nilimpa jibu la kiofisi. Nawasihi msilitoe.

Kesi za miaka ile ya kwanza zilifanana. Iliyonikaa moyoni ni ya mtegaji mmoja tuliyemkamata upande wa Msalato, kabla eneo lile halijajaa mashine za kujengea uwanja wa ndege. Alikuwa na tundu dogo la vijiti, na ndani yake cherero wa mwito, yaani ndege aliyekatwa manyoya ya mabawa na kufunzwa upweke ili aite. Wenziwe humsikia, hushuka kumjibu, na vijiti vya ulimbo vinawangoja. Nilimhubiria mtu yule kwa muda mrefu juu ya ukatili wa kutumia sauti ya kiumbe kuwaangamiza wenziwe. Alinisikiliza kwa adabu, mikono imefungwa.

"Afande, umesema vizuri," akajibu nilipomaliza. "Mimi nawakamata kwa ulimbo, wewe utawakamata kwa karatasi. Hebu nikuulize, wakifia ghalani kwenu, utawahubiria na wao?"

Mzee Ndahani alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Ndege hai akikamatwa huwa kielelezo, na kielelezo hukaa ghalani hadi mahakama iamue. Ghala letu lilikuwa la mabati, bila dirisha. Tuliwapa maji na uwele, tukafungua mlango mchana, na kila asubuhi tuliwatoa waliokufa, tukaandika idadi na kutia sahihi. Sijui kazi nyingine inayomfundisha mtu kuandika kifo kwa mwandiko mzuri namna ile.

Ikaja amri ya kupiga marufuku kusafirisha ndege hai nje ya nchi. Tuliishangilia. Hatukufikiri juu ya waliokwisha kukamatwa, ambao ghafla hawakuwa na pa kwenda. Miezi michache baadaye tuliarifiwa kuhusu nyumba moja Ipagala, yenye ukuta mrefu, ambayo majirani walidhani ni ya mfuga kuku. Ndani ya ukuta kulikuwa na matundu yaliyopangwa hadi dari, na ndani ya matundu cherero zaidi ya mia tatu, wengine wamesimama juu ya wengine waliokufa. Mwenye mzigo alikuwa amewakusanya kutoka kila alikoweza kufika. Nilifurahi kwamba tumewaokoa. Mzee Ndahani aliinama, akachungulia tundu moja baada ya jingine, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Hawa si kabila moja," alisema.

Nilitazama. Wengi walikuwa wa kwetu, wenye kofia nyeusi. Lakini kati yao, labda theluthi moja, walikuwa cherero wa aina nyingine, wale wanaoishi mbali magharibi, ng'ambo ya Singida kuelekea Usukumani: uso wa rangi ya chungwa lililoiva, utosi wa kahawia, na samawati kidogo juu ya mkia. Ni ndugu wa karibu. Karibu kiasi kwamba wakiwekwa pamoja huzaana, na watoto wao huzaa, na baada ya vizazi kadhaa hapabaki mwenye kofia nyeusi wala mwenye uso wa chungwa, bali ndege mmoja asiye wa kokote. Porini umbali uliwatenganisha tangu dunia ilipopata umbo lake. Hili lilikuwamo kitabuni mwangu. Nililisoma nikiwa chuoni na nikalijibu vizuri katika mtihani.

Amri ya mahakama ya kuwaachia huru ilipotoka, tulikuwa tumekwisha kuwazika wengi. Waliobaki walikuwa wakifa kila siku. Mkuu wa kituo wa wakati ule, mtu mchangamfu aliyependa shughuli zenye viti na turubai, aliniita ofisini kwake pamoja na Mzee Ndahani.

"Wageni wanafika Ijumaa," alisema. "Tutawaachia wote pale Mawe Mawili. Bwana Hamisi, andaa fomu."

"Wenye kofia waachiwe hapo, sawa," alisema Mzee Ndahani. "Hawa wengine wapelekwe kwao."

"Kwao wapi?"

"Magharibi. Siku mbili kwa gari."

"Gari lipi, Mzee Ndahani? Lile linalosukumwa? Na hao ndege watafika hai?"

"Nusu watafika."

"Mnasikia? Nusu! Nami nikiwaachia hapa watapona wote. Wewe unataka kuua nusu kwa sababu ya rangi ya uso?"

Mzee Ndahani alinigeukia. Alitaka nimsaidie, na nilikuwa na elimu ya kumsaidia. Nilisema maneno haya, nayakumbuka yote: "Mzee, wanakufa. Tuwahurumie kwanza, mengine yatafuata."

"Huruma yako ni ya Ijumaa tu," alinijibu.

Fomu ya kuachia ndege ina mstari unaosema kuwa afisa anathibitisha ya kwamba ndege hao kwa asili ni wa eneo wanaloachiwa. Chini ya mstari huo kuna nafasi ya sahihi ya afisa, na pembeni nafasi ya shahidi. Nilitia sahihi yangu. Nikamsogezea Mzee Ndahani kalamu. Aliisoma fomu polepole kwa kidole, kama alivyosoma kila kitu, kisha akaiweka kalamu chini katikati kabisa ya karatasi.

"Hapa panasema ni wa hapa. Mimi ni wa hapa. Hawa siwajui."

Ijumaa ile ilifana. Matundu yalifunguliwa kwa pamoja, watu wakapiga makofi, na anga juu ya Mawe Mawili ikawa ya kijani kwa muda mfupi. Kweli ilipendeza, nitasema uongo nikisema haikupendeza. Wenye kofia walikwenda moja kwa moja lamboni. Wale wenye uso wa chungwa walitua juu ya turubai, juu ya gari, juu ya mgongo wa kiti cha mgeni rasmi, wakitazama huku na huku. Nao walikuwa wawili wawili.

Wiki iliyofuata Mzee Ndahani aliandikiwa barua ya utovu wa nidhamu, akaondolewa katika doria na kupangiwa lindo la geti. Sikuandika neno la kumtetea. Sipendi kuzungumzia vyeo, lakini nitakitaja kimoja tu: mwaka huohuo mkuu wetu alihamishwa, nami nikawekwa mahali pake. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka miwili, mtu aliyenifundisha kazi aliniinulia mti wa geti na kunipigia saluti. Saluti yake ilikuwa kamili, haikuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilikuwa na uwezo wa kumrudisha porini kwa mistari miwili ya barua. Lakini barua inahitaji sababu, na sababu ilikuwa ndani ya fomu yenye sahihi yangu. Alipostaafu, tulimnunulia blanketi. Siku hiyo alinipa kisu.

"Getini hakinisaidii," alisema.

Ndege wa kwanza niliyemtilia shaka nilimwona msimu wa pili baada ya ile Ijumaa. Kofia yake haikuwa nyeusi, ilikuwa ya rangi ya moshi, na kooni alikuwa na wekundu uliochanganyika na manjano. Katika kitabu cha doria niliandika: kinda. Makinda wa cherero huwa na rangi zilizofifia, kwa hiyo si uongo ambao mtu angeugundua. Msimu uliofuata niliandika kinda mara tatu. Uliofuata niliacha kwenda lamboni mwenyewe, nikawatuma wengine, ambao sikuwa nimewafundisha tofauti. Wenzangu, mtu anayeiba kwa pupa hukamatwa haraka. Anayeharibu kwa kutotazama hufika hadi kustaafu, na husomewa risala.

Miaka mingi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwa Mzee Ndahani. Nilimkuta shambani kwake, juu ya dungu, anaamia uwele wake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini kombeo lilikuwa mkononi na mabonge ya udongo yamepangwa kando ya goti lake.

"Hodi, mzee."

"Nani huyo?"

"Hamisi. Shikamoo."

"Marahaba, Bwana Mkuu. Leo geti umefunguliwa na nani?"

Nilimwambia nimekuja kukiri kosa.

"Mimi si padri, na wewe si Mkristo. Panda huku juu. Kuna ndege kwenye masuke pale kushoto, nawasikia. Niambie wana vichwa gani."

Nilipanda, nikatoa darubini. "Watatu wana kofia nyeusi."

"Na wa nne?"

"Wa kahawia. Kooni mwekundu."

Alizungusha kombeo na kurusha, na ndege wote wanne wakaruka.

"Wanakula uwele sawasawa," alisema. "Kwangu mimi mkulima hasara ni ileile. Lakini wale wenye kofia walikuwa wetu, Hamisi. Hawapo kwingine duniani walikoumbwa ila nyanda hizi. Tulikuwa na kitu kimoja kisicho cha mtu mwingine, ukakisainia."

"Nifanye nini, mzee?"

"Sasa unaniuliza mimi? Fomu si unayo? Pale pembeni ya jina lako pana nafasi tupu. Ile ni yangu. Kila mwaka nilikuwa nangoja mtu aulize kwa nini iko tupu. Nenda ukaandike."

Niliahidi kwamba nitaandika. Nilirudi kituoni nikiwa na nia safi kabisa, nikaikuta meza imejaa kazi, na nia safi haina haraka. Mzee Ndahani alifariki kabla sijaandika. Nilihudhuria mazishi, nikaketi nyuma. Msoma wasifu alieleza kuwa marehemu alikuwa mkulima, na hapo awali mlinzi wa geti serikalini. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa mtu pekee pale aliyeweza kusimama na kusahihisha, nami nilibaki nimeketi.

Mwaka wangu wa mwisho uliniletea Neema, ambaye wengi wenu mnamjua: mzaliwa wa Ipagala, mkimya, mwenye mwandiko mdogo ulionyooka. Nilimfundisha nilivyofundishwa, nikamketisha kwenye kichaka kilekile. Baada ya saa mbili akaja na daftari.

"Mkuu, nimepata jozi kumi na tisa. Hakuna aliye pekee."

"Vizuri."

"Ila saba sijui niziandike wapi. Mmoja ana kofia, mwenzake hana. Nyingine mbili, wote wawili hawana. Niliangalia daftari za nyuma, pameandikwa kinda, kinda, kinda. Mkuu, makinda gani hawa wa miaka kumi?"

Nilimwambia aketi, nikamsimulia yote hapo hapo, kuanzia matundu ya Ipagala hadi mazishi. Nilipomaliza hakunifariji, na ninamshukuru kwa hilo.

"Fomu yenyewe iko wapi?" aliuliza.

Tuliitoa kabatini siku hiyohiyo. Ilikuwa imeanza kuwa ya manjano pembezoni. Chini ya sahihi yangu niliandika kwa wino mwekundu kwamba niliyoyathibitisha hayakuwa kweli, kwamba niliyajua hivyo wakati ninatia sahihi, na kwamba askari Ndahani alikataa kushuhudia kwa sababu hiyo na si nyingine. Nikaandika tarehe. Kisha, sijui ni kwa udhaifu gani, nikamsogezea Neema kalamu na kumwonyesha nafasi ya shahidi.

"Samahani, mkuu," alisema. "Mimi sikuwepo. Na nafasi hii ina mwenyewe."

Nakala ilipelekwa ngazi za juu. Wataalamu wakaja, wakakaa siku nne juu ya Mawe Mawili, wakathibitisha alichokisema mtu aliyesoma kwa kidole. Uamuzi wao ulikuwa mfupi: wote waliochanganyika wakamatwe na kuwekwa katika banda kubwa la wavu hadi mwisho wa maisha yao, wenye kofia, ikiwezekana, wabaki. Ikiwezekana. Kisha mmoja wao akauliza nani kituoni anajua kutega cherero bila kuwajeruhi. Wote mlisema hamjui, na mlikuwa wakweli. Ujuzi ule ulikuwa wa watu wawili, Mzee Ndahani na mimi niliyefundishwa naye, na mmoja wao tumekwisha kumzika.

Kwa hiyo sasa mnajua kwa nini mnaniona bado nikija asubuhi, bila sare, nikiwa na nyavu nyembamba badala ya ulimbo, na tundu dogo la vijiti ambalo nimelisuka mwenyewe kwa kukumbuka lile la Msalato. Ndani yake nina cherero wa mwito. Yule mtegaji angenicheka, nami ningemwacha acheke.

Asubuhi ya kwanza walishuka wawili. Wavu uliwashika pamoja. Neema alishika daftari nami nikawatoa, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya kisu cha mpingo. Mmoja alikuwa dume wa rangi ya moshi, mwenye koo jekundu. Mwenzake alikuwa jike wa kwetu, kofia nyeusi isiyo na doa, ukosi wa manjano uliokamilika, kama wale niliowahesabu siku yangu ya kwanza. Yule wa moshi nilimtia ndani ya tundu la pili. Huyu wa kofia nikamfungulia kiganja.

Hakwenda mbali. Alitua kwenye tawi la juu ya vichwa vyetu, akaanza kuita kuelekea kwenye tundu, na aliyekuwa ndani akamjibu. Neema alisubiri kwa muda, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Huyu nimwandikeje, mzee?"

"Mmoja," nilisema. "Pekee."

Aliandika. Kisha, kwa kuwa nilimfundisha vizuri, aliinua kichwa na kutazama huku na huku kutafuta mtego ulipo, hadi macho yake yakatua juu ya mikono yangu.